Kujua Kitu Kabla ya Kukiona: Kazi ya Profesa Marvin Cohen katika Elimu ya Vitu Vidogo Kabisa

Kuna wenye elimu ambao kazi yao ya maisha yote ni kuchunguza madini na mawe, lakini hawashiki jiwe, hawawashi tanuru, wala hawashuki katika shimo. Hukaa mezani, na mbele yao kuna karatasi, kalamu na ile mashini ya kuhesabu tunayoiita ordinatere. Huandika hesabu zao, hungoja jibu, kisha husema: kitu fulani chaweza kuwako, ugumu wake utakuwa kadiri hii, kitapitisha umeme, ao hakitapitisha. Na mara nyingine kitu hicho hakijaonwa bado na mtu ye yote duniani.

Msomaji atauliza mara moja: Je, neno hilo latofautiana namna gani na lile la mfumu anayelagua? Yeye pia hunena habari ya mambo asiyoyaona, na watu humwamini. Swali hili ni la haki, na wanafunzi wetu wana akili ya kutosha kutuuliza. Haifai kuwajibu tu kwamba mashini ndiyo iliyosema.

Kusudi tujibu vizuri, tuache maneno ya jumla, tufwate kazi ya mtu mmoja: Profesa Marvin Cohen, wa Chuo Kikuu cha California katika mji wa Berkeley, Marekani. Tutaona namna alivyohesabu, pahali hesabu yake ilipothibitishwa upesi, na pahali ilipongoja miaka mingi. Mwishoni tutaona sababu gani jambo hili linatugusa sisi wenyeji wa inchi ya kobalti.

1. UDOGO TUNAOUSEMA

Tuchukue milimita moja, ile nafasi ndogo kabisa iliyo kwenye rula ya mwanafunzi. Tuigawe katika sehemu 1 000. Kisha tuchukue sehemu moja tu kati ya hizo, tuigawe tena katika sehemu 1 000. Sehemu tunayopata mwishoni huitwa nanomita. Unywele mmoja wa mtu una unene wa nanomita 80 000 hivi. Katika silisiumu, ambayo inapatikana kwa wingi katika mchanga, atomu mbili zilizo jirani zinaachana kwa robo ya nanomita hivi. Basi, anayeshughulika na nanomita anashughulika na atomu chache zilizopangwa pamoja.

Kwa nini tushuke mpaka huko? Kwa sababu tabia ya kila kitu inatoka huko. Grafiti, ile nyeusi iliyo ndani ya kreyo, na almasi inayochimbwa Kasai, zote mbili ni kaboni. Hakuna kitu kingine ndani yao. Lakini grafiti ni laini, ni nyeusi, tena inapitisha umeme. Almasi ni ngumu kupita mawe yote tunayochimba, inapenyeka na mwanga, tena haipitishi umeme. Tofauti yatoka wapi? Yatoka katika mpango tu. Katika grafiti kila atomu inashikana sana na jirani tatu, na zote zinalala pamoja kama karatasi. Karatasi hizo zateleza moja juu ya nyingine, na kwa hiyo kreyo inaandika. Katika almasi kila atomu inashikana na jirani nne, pande zote, wala hakuna pahali pa kuteleza.

Tukijua mpango wa atomu na mwendo wa elektroni zinazozifunga pamoja, tunaweza kujua ugumu wa kitu, rangi yake, na namna kinavyopokea umeme ao joto. Hiyo ndiyo njia ambayo Profesa Cohen aliifwata tangu ujana wake.

2. SHERIA ZAJULIKANA, LAKINI HESABU NI MLIMA

Sheria zinazotawala elektroni zilijulikana kabla Profesa Cohen hajazaliwa. Mwaka wa 1926 Erwin Schrödinger aliandika ile hesabu kubwa inayoonyesha mwendo wao. Mwaka wa 1929 Mwingereza Paul Dirac aliweza kusema kwamba sheria zinazohitajiwa kwa kemia yote na kwa sehemu kubwa ya fizika zimekwisha kujulikana. Shida iliyobaki ni kwamba hesabu zenyewe ni ngumu mno kumalizika.

Tuone ugumu huo. Kipande cha silisiumu chenye sentimita moja kila upande kina atomu nyingi sana: tuandike 5, kisha tuifwatishe sufuri 22. Kila atomu ina elektroni 14. Kila elektroni inavutwa na viini vyote, tena inasukumana na elektroni nyingine zote. Mtu akitaka kuzifwata zote pamoja, moja moja, hakuna mashini duniani itakayotosha, leo wala kesho.

Kwa hiyo wajuzi walitafuta njia za kupunguza mzigo bila kupoteza ukweli. Mbili ni za maana sana kwetu.

Njia ya kwanza ilianza na wazo la Mwitalia Enrico Fermi, mwaka wa 1934. Kati ya elektroni 14 za silisiumu, 10 zinakaa ndani kabisa, karibu na kiini, wala hazishughuliki na jirani. Nne tu za nje ndizo zinazoshikana na atomu nyingine. Ni kama nyumba yenye watu 14: wazee na watoto 10 hawatoki uani, wanne tu ndio wanaokwenda sokoni. Mfanya biashara wa sokoni hana lazima ya kujua habari za wale 10. Yatosha ajue wale wanne wanatumwa namna gani. Vivyo hivyo mwenye kuhesabu anaondoa kiini pamoja na elektroni za ndani, na pahali pao anaweka nguvu moja laini inayofanya kazi ileile juu ya elektroni za nje. Hesabu inakuwa nyepesi mara nyingi.

Njia ya pili ni ya Walter Kohn. Mtu huyu alizaliwa Vienna mwaka wa 1923, katika jamaa ya Kiyahudi. Mwaka wa 1939 alipelekwa Uingereza pamoja na watoto wengine waliokuwa wakiokolewa. Wazazi wake walibaki nyuma, wakauawa Auschwitz. Katika mwaka wa 1964, pamoja na Pierre Hohenberg, alihakikisha kwamba hatuna lazima ya kufwata kila elektroni. Yatosha kujua wingi wa elektroni katika kila pahali. Ni kama kanisa siku ya Pasaka: anayetaka kujua joto la ndani hana lazima ya kufwata hatua za kila mkristu, yatosha ajue watu wamesongamana kiasi gani karibu na altare, na kiasi gani karibu na mlango. Mwaka uliofwata Kohn na Lu Jeu Sham walionyesha namna ya kutumia neno hilo katika hesabu za kweli. Kwa kazi hiyo Kohn alipewa Tuzo la Nobel la kemia mwaka wa 1998.

3. MWENDO WA MWANAFUNZI MPAKA PROFESA

Marvin Cohen alizaliwa Montreal, katika inchi ya Kanada, mwaka wa 1935. Alipokuwa na miaka 12 jamaa yake ilihamia San Francisco. Alimaliza masomo ya kwanza ya chuo kikuu Berkeley mwaka wa 1957, kisha akaenda Chicago, ambako alipata udaktari mwaka wa 1964 chini ya Profesa James Phillips, mmoja wa wale waliokuza ile njia ya kuondoa elektroni za ndani. Alikaa muda mfupi katika maabara ya Bell, na mwaka uleule wa 1964 alirudi Berkeley kufundisha. Huko ndiko alikofanya kazi yake kubwa.

Kazi yake ya kwanza yenye sifa ilitoka mwaka wa 1966, pamoja na Thomas Bergstresser. Walichukua vitu 14 vya jamaa ya silisiumu, vile vilivyo kati ya shaba inayopitisha umeme na kioo kisichoupitisha. Radio, simu na ordinatere zote zinatengenezwa kwa vitu hivyo vya katikati. Walipanga elektroni za vitu vyote 14, na majibu yao yalipatana vizuri na namna vitu hivyo vinavyopokea mwanga.

Hapa tunapashwa kusema jambo moja wazi, kwani ndilo ufunguo wa habari yote. Hesabu za mwaka 1966 zilikuwa zingali zinakopa. Kwa silisiumu, kwa mfano, walichukua namba tatu kutoka majaribio ya maabara, wakazitia katika hesabu, kisha hesabu ikawapa mengine mengi. Ilikuwa faida kubwa, kwani kwa namba tatu walipata habari nyingi. Lakini mwenye kukopa kwa maabara hawezi kutabiri kitu ambacho maabara haijakiona kamwe.

Kwa hiyo, katika miaka iliyofwata, Profesa Cohen na wanafunzi wake waliunganisha njia mbili tulizozieleza, ile ya Fermi na ile ya Kohn. Mwaka wa 1979, pamoja na Jisoon Ihm na Alex Zunger, alitoa namna ya kuhesabu nguvu yote iliyo ndani ya kitu kigumu. Sasa hawakuhitaji namba ya kukopa. Waliiambia mashini mambo machache tu: atomu hii ni ya namba 14, yaani silisiumu, tuipange hivi. Mashini ilijibu: nguvu yake ni kiasi hiki. Kisha walibadili mpango, wakauliza tena. Kama maji yanavyotafuta bonde, ndivyo vitu vyote vinavyotafuta mpango wenye nguvu ndogo kupita yote. Mpango ule ulioshuka chini kabisa ndio ambao silisiumu inao kwa kweli. Na ndivyo ilivyokuwa.

4. MARA TATU ALIPOTANGULIA MAABARA

Jaribu la kwanza: silisiumu iliyogandamizwa. Silisiumu ya kawaida imepangwa kama almasi. Profesa Cohen na mwanafunzi wake Ming-Tang Yin walihesabu itakavyokuwa ikigandamizwa kwa nguvu inayopita mara 100 000 uzito wa hewa inayotukalia. Hesabu ilionyesha kwamba mpango wa almasi utaanguka, na silisiumu itageuka kuwa chuma. Neno hilo lilipatana na yale yaliyopimwa na watu wa maabara.

Kisha wakaenda mbele zaidi. Tangu mwaka 1911, kwa kazi ya Heike Kamerlingh Onnes huko Leiden, watu walijua kwamba madini mengine, yakipozwa sana, yanapitisha umeme bila kuupinga hata kidogo. Profesa Cohen na K. J. Chang walihesabu kwamba silisiumu, ikigandamizwa zaidi na kupata mpango mwingine wenye pembe sita, itafanya hivyo vilevile. Namba ya atomu, uzito wake na mpango wake: hayo tu ndiyo waliyoyatia. Wafaransa wa Grenoble walichukua silisiumu, wakaigandamiza, wakaipoza, na umeme ukapita bila kizuizi, karibu na digri 265 chini ya sufuri. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1985, wenye kuhesabu na wenye kupima wakiandika pamoja.

Jaribu la pili: mirija ya boro na azoti. Mwaka wa 1991 Mjapani Sumio Iijima alionyesha mirija midogo ya kaboni. Ni zile karatasi za grafiti tulizozieleza, zilizojikunja kama mtu akunjavyo mkeka, na upana wa mrija ni nanomita chache tu. Sasa tufanye hesabu ya mtoto wa shule. Kaboni ni namba 6 katika orodha ya atomu. Boro ni namba 5, azoti ni namba 7. Tano na saba ni kumi na mbili. Sita na sita ni kumi na mbili. Boro moja na azoti moja, pamoja, zina elektroni sawa na kaboni mbili. Kwa hiyo boro na azoti zinafanya karatasi zinazofanana na zile za grafiti. Basi, je, karatasi hizo nazo zaweza kujikunja ziwe mirija?

Mwaka wa 1994 Angel Rubio, Jennifer Corkill na Marvin Cohen walijibu kwa hesabu: ndiyo, zaweza. Tena walisema tabia ya mirija hiyo kabla haijaonwa. Mrija wa kaboni una tabia ya kubadilika: ukikunjwa hivi unapitisha umeme kama shaba, ukikunjwa vingine hauupitishi vizuri. Lakini mrija wa boro na azoti hautajali sana upana wake wala namna ulivyokunjwa. Wote utauzuia umeme. Mwaka uliofwata, 1995, kikundi cha Alex Zettl, ambamo alikuwamo Nasreen Chopra, huko huko Berkeley, kilipitisha cheche kubwa ya umeme katika boro na azoti, kikatazama masizi yake kwa darubini ya elektroni. Mirija ilikuwamo. Baadaye iligunduliwa pia kwamba inavumilia hewa yenye moto wa digri 700, ambamo mirija ya kaboni inaungua.

Jaribu la tatu ni la kungoja. Mwaka wa 1989 Amy Liu na Profesa Cohen waliandika juu ya kitu kingine: kaboni na azoti zilizounganishwa, kaboni tatu kwa azoti nne. Hesabu ilisema kwamba kitu hicho, kama kikipatikana, kitashindana na almasi kwa kutokubali kugandamizwa. Maabara nyingi zilianza kukitafuta. Mwaka ukapita, kumi ikapita, ishirini ikapita. Wengine walitangaza kwamba wamekipata, lakini walipochunguzwa vizuri, kilikuwa kitu cha namna nyingine ao mchanganyiko usioeleweka. Ilipofika mwaka wa 2023, Dominique Laniel wa Edinburgh na wenzake wa Ujeremani na wa Suedi waligandamiza kaboni na azoti kati ya almasi mbili, kwa nguvu inayopita mara 700 000 uzito wa hewa, wakazipasha moto kwa mwanga wa lazeri. Wakapata vitu vya kaboni na azoti vyenye mpango uleule wa kushikana pande nne, vigumu sana kugandamizwa. Tena vilidumu walipoondoa nguvu ile. Miaka 34 ilikuwa imepita.

5. TOFAUTI KATI YA KULAGUA NA KUHESABU

Sasa twaweza kujibu lile swali la mwanzo. Mwenye kuhesabu anatofautiana na mfumu kwa mambo manne.

Kwanza, anatangulia kusema namba iliyo wazi. Hasemi kwamba kitu kitakuwa kigumu «kidogo ao sana, kadiri ya siku». Anataja kiasi, na mtu mwingine aweza kupima.

Pili, njia yake haina siri. Kila hatua imeandikwa, na mtu ye yote mwenye masomo ya kutosha aweza kuirudia, awe Tokyo ao Lubumbashi, akapata jibu lilelile. Mfumu haachi mwingine ashike vyombo vyake.

Tatu, anakubali kushindwa. Kama silisiumu ya Grenoble isingalipitisha umeme ule, neno la Profesa Cohen lingalikuwa limeanguka mbele ya watu wote. Mfumu asiposadikiwa na mambo yaliyotokea, husema kwamba kuna mtu aliyevunja mwiko.

Nne, anataja mipaka ya elimu yake. Njia ya Kohn, kwa mfano, inakosea mara kwa mara katika kupima ile nafasi ambayo elektroni inapashwa kuruka kusudi ianze kupitisha umeme, inaipunguza sana. Wenye kuhesabu ndio waliosema hivyo, nao ndio waliotafuta dawa: Mark Hybertsen na Steven Louie, huko huko Berkeley, katika mwaka wa 1985 na 1986. Vilevile mwaka wa 1986 Georg Bednorz na Alex Müller walipata Zurich vitu vyenye shaba na oksijeni vinavyopitisha umeme bila kizuizi katika baridi isiyo kali kama ile ya zamani. Hakuna hesabu iliyokuwa imetangulia kuvitaja. Hapo maabara ndiyo iliyokuwa mwalimu, na hesabu ndiyo iliyokuwa mwanafunzi.

Kwa hiyo tusiwaambie vijana kwamba ordinatere inajua yote. Inajua yale tu ambayo sheria iliyotiwa ndani inayafikia. Heshima aliyopata Profesa Cohen, pamoja na Medali ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ya mwaka 2001, haikutoka katika ukubwa wa mashini. Ilitoka katika kusema mapema, na kukubali kupimwa.

6. HABARI HII NA INCHI YA KOBALTI

Kazi ya Berkeley yaweza kuonekana iko mbali nasi. Sivyo. Betri ya simu iliyo mfukoni mwa msomaji mara nyingi ina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, zaidi ya nusu, inatoka katika inchi yetu, pande za Kolwezi na Likasi. Matumizi hayo yalianza mwaka wa 1980, wakati John Goodenough na wenzake walipoonyesha Oxford kwamba litiumu yaweza kuingia na kutoka kati ya karatasi za kobalti na oksijeni, na hivyo kutoa umeme. Katika mwaka wa 1991 kampuni Sony ilianza kuuza betri za namna hiyo.

Lakini kobalti ni ya bei kali, na wenye viwanda walitaka kuipunguza. Gerbrand Ceder, aliyesoma kwanza Leuven katika Ubelgiji, alipata udaktari wake Berkeley mwaka wa 1991, kisha akafundisha katika chuo cha MIT, Massachusetts. Huko alitumia hesabu za namna ileile tuliyoieleza, bila namba za kukopa, kutafuta jibu la swali moja: Je, sehemu ya kobalti yaweza kubadilishwa na aluminiumu, ambayo ni nyepesi na rahisi kununua? Hesabu ilijibu kwamba nguvu ya betri, ile inayopimwa kwa volti, itapanda. Kikundi chake kikatengeneza kitu hicho, kikakipima, na volti zikapanda. Waliandika habari hiyo mwaka wa 1998. Tangu siku zile vikundi vingi vinatafuta kwa hesabu vitu vyenye kobalti kidogo zaidi, na tayari kuna betri nyingi za chuma na fosfati zisizo na kobalti hata kidogo.

Tufikiri vizuri juu ya jambo hili. Mchimbaji wa Kolwezi anabeba gunia lake, na bei atakayopewa kesho yaweza kubadilishwa na hesabu iliyofanywa mezani na mtu ambaye hajaona Katanga kamwe. Hakuna uovu katika hesabu hiyo. Ni elimu ya haki. Lakini inchi inayotoa jiwe na haina watu wanaojua kuhesabu jiwe hilo itasikia habari ya mwisho, wakati bei imekwisha kuanguka.

Je, vijana wetu waweza kuingia katika kazi hii? Hapa kuna habari njema, na inatoka karibu. Maabara kubwa ya kupima atomu inahitaji fedha nyingi mno. Lakini elimu ya kuhesabu inahitaji ordinatere, umeme, na mwalimu. Programu nyingine za kuhesabu zatolewa bure. Mojawapo, Quantum ESPRESSO, imekuzwa huko Trieste, Italia, pahali Abdus Salam wa Pakistani alipoanzisha mwaka wa 1964 kituo cha fizika kusudi wajuzi wa inchi maskini wasibaki peke yao. Kutoka huko Trieste, Richard Martin wa Marekani, Nithaya Chetty wa Afrika Kusini, Sandro Scandolo na wengine walianzisha shule ya Kiafrika ya elimu hii, inayohama kutoka mji hata mji: Cape Town mwaka wa 2010, Eldoret katika Kenya mwaka wa 2012, na miji mingine baadaye. Mwaka wa 2018 kituo kilichofungamana na kile cha Trieste kilifunguliwa Kigali, na mwaka wa 2023 shule ile ilifanyika huko. Toka Bukavu ao Goma mpaka Kigali ni safari ya siku moja kwa gari.

Basi mlango uko wazi, wala hauko ng'ambo ya bahari. Lakini hakuna anayeingia bila kujua hesabu, na hesabu haianzi chuo kikuu. Inaanza katika shule ya mukini, pahali mtoto anapojifunza kugawa milimita katika sehemu 1 000, na kisha tena katika sehemu 1 000, na kuona kwa akili kitu ambacho jicho haliwezi kukiona. Wengi kati ya wasomaji wetu, mapadri katika Seminari Ndogo na wakatekista wanaofundisha shule za msingi, wanashika ufunguo wa mlango huo. Tunajua kwamba darasa lina watoto wengi, vitabu ni vichache, na mshahara unachelewa. Hata hivyo, somo la kugawa namba, likifundishwa vizuri, halihitaji kitu kingine ila chaki na ubao.

Tena tuwafundishe ile tabia tuliyoiona katika miaka 34 ya kungoja kitu cha Liu na Cohen. Mwanafunzi akitoa jibu, tumwulize: Umejuaje? Mwenzako aweza kulirudia? Na ni nini kitakachoonyesha kwamba umekosa? Kijana aliyezoea kuulizwa maswali hayo matatu hatadanganywa upesi na mlaguzi, wala na mwenye kuuza dawa za uongo sokoni, wala na mnunuzi wa mawe anayetaja bei bila kuonyesha mizani.